Faili Lililolala Siku Tatu

Wiki jana tulimwacha Waziri Mkuu nyuma ya meza yake, saa tatu asubuhi, ameshika muhuri wa tarehe mkononi na wino wake ungali mbichi. Kama ulilikosa gazeti lile kwa sababu shemeji yako aliliazima na mpaka leo hajalirudisha, usijali. Nitakufikisha pale pale bila kukuzungusha.

Muhuri ule aliamuru uchomwe moto miaka kumi na minane iliyopita. Alimkabidhi katibu muhtasi wake kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia hataki kuuona tena. Yule mama kesho yake akasema kazi imekwisha. Mwaka jana yule mama akafa, na Waziri Mkuu alikuwa wa tatu kutupa udongo kaburini.

Sasa muhuri umo ndani ya droo yake, droo anayoifunga kwa ufunguo kila jioni. Namba zake zimezungushwa zikasimama tarehe tisa, mwezi wa sita, mwaka ule ule.

Kidole gumba kiliingia wino. Akakifuta kwa leso, wino ukasambaa mpaka kwenye kucha. Akafuta tena, akaitupa leso mezani.

Kwa mgeni wa hadithi hii, huyu bwana nchi nzima inamwita Breki. Aliingia bungeni akitokea ualimu mkuu wa shule ya msingi, na hotuba yake ya kwanza ilikuwa ya kupinga. Ya pili pia. Alipinga kupunguza umri wa kupiga kura. Alipinga talaka za haraka. Alipinga kompyuta maofisini mpaka zile za kwanza zilipozeeka na kutupwa. Alipinga redio za watu binafsi kwa ukali ambao hata wenzake hawakuuelewa. Na adhabu ya kitanzi aliitetea kila mwaka ilipojadiliwa, na kila mwaka alishinda.

Kwenye kampeni hakuwa na maneno mengi. Aliwauliza watu swali moja tu: gari lisilo na breki, wewe utampandisha mwanao? Watu wakacheka, wakampa kura. Ndiyo ikawa safari yake, kutoka ubunge mpaka Uwaziri wa Mambo ya Ndani, na kutoka hapo mpaka kiti hiki.

Na tusimwonee bwana wa watu. Miaka tisa iliyopita wakubwa walitaka kuiuza reli yote kwa mkataba wa kusainiwa mchana mmoja. Ni Breki aliyesema karatasi ilale kwanza. Ilipolala, wataalamu wakaukuta wizi uliofichwa ukurasa wa arobaini. Reli ile tunaipanda mpaka leo kwa sababu yake.

Hiyo ndiyo kanuni yake. Ofisini kwake hakuna karatasi inayosainiwa siku iliyoingia. Inawekwa kwenye trei ya mbao upande wa kushoto, naye anasema neno moja, "Ilale." Siku ya tatu ndipo anaifungua.

Leo ni Jumanne. Saa tisa alasiri Bunge zima litampongeza kwa kutimiza miaka thelathini ndani ya ukumbi ule. Hotuba yake ya kushukuru ilikuwa tayari, kurasa sita, juu ya meza. Na kila ukurasa ulikuwa umegongwa muhuri wa tarehe tisa.

Mambo haya yalianza Jumatano iliyopita, siku gazeti la serikali lilipotangaza kwamba dereva mmoja wa lori atanyongwa Alhamisi hii alfajiri. Tangu siku hiyo karatasi zilimjia mezani zina tarehe ya miaka kumi na minane nyuma. Kisha zikaja sauti. Alisikia muhuri ukigonga chumba cha pili, kop, kop. Akaenda kutazama, akakuta kiti kitupu na mashine ya kuchapa imefunikwa kitambaa.

Alisikia kikohozi cha marehemu, kile kikavu cha mara mbili mbili alichokizoea miaka ishirini na sita. Alikisikia hata nyumbani, asubuhi akinyoa ndevu, na wembe ukamkata kidevu. Mkewe akamwambia aende akapimwe presha. Akaitikia ndiyo, asiende.

Nikuibie siri. Breki alikuwa anaomba huyo awe ni mzimu kweli. Mzimu utakukosesha raha, utakukondesha, lakini haujaitwa popote kutoa ushahidi.

Akabonyeza kengele.

Aliyeingia alikuwa katibu muhtasi wa sasa, binti wa yule marehemu. Breki alimpa kazi siku ya arobaini ya msiba, mbele ya watu, na wote wakamsifu kwa kukumbuka fadhila. Ni mwanamke wa miaka thelathini na tano, mpole, anayevaa miwani mikubwa. Alisimama mlangoni ameweka mkono mmoja juu ya mwingine, vile vile alivyokuwa akisimama mama yake.

Breki alimuuliza nani ameingia ofisini kabla yake.

"Hakuna aliyeingia, Mheshimiwa," Binti akasema. "Ni mimi."

Breki akamwambia hiyo haiwezekani, muhuri ulichomwa. Binti akajibu kwamba kilichochomwa ni muhuri mwingine wa masijala, uliovunjika mpini. Huu mama yake aliulaza chini ya godoro, na akalala juu yake miaka kumi na saba. Miezi mitatu ya mwisho hakupata hata lepe la usingizi. Akamwita bintiye, akamwambia anyanyue godoro, kisha akamsimulia kila kitu, akamkabidhi na ufunguo wa akiba wa droo.

Ile habari ya mzimu ikafa papo hapo. Unadhani Breki alifurahi? Aliketi chini bila kukitazama kiti, nusura akikose.

"Umenifanyia hivi siku tano nzima," akasema.

"Nne, Mheshimiwa. Ijumaa sikuwepo, nilimpeleka mwanangu hospitali. Muhuri niliuacha kwa mtu mwenye haki nao kuliko mimi."

"Mtu gani?"

Binti akasogea mezani. Akainama juu ya trei ya mbao, akaweka kidole kwenye faili la kijivu lililokuwa juu kabisa. Akasema faili hili la dereva wa lori limefika saa mbili asubuhi, lina karatasi mpya kutoka kwa wakili, na Mheshimiwa ameshalitolea uamuzi.

Breki akasema hajalitolea uamuzi wowote, hata hajaliona.

"Umepita mlangoni nikakuonesha," Binti akasema taratibu. "Umesema lilale."

Hapo ndipo nywele zilipomsimama. Kwa sababu ni kweli. Alilisema akiwa anavua koti, bila kugeuza shingo. Na neno lile lile ndilo alilolisema tarehe tisa, mwezi wa sita, miaka kumi na minane iliyopita.

Sasa nikusimulie, maana umesubiri wiki nane, na mimi si Breki.

Siku hizo yeye alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Kulikuwa na fundi redio aliyehukumiwa kunyongwa kwa kumuua mwenye duka. Tarehe tisa ikaja barua kutoka kwa daktari wa gereza. Ilisema mfungwa mwingine, mgonjwa wa kufa, amekiri mbele ya mashahidi wawili kwamba yeye ndiye aliyemuua mwenye duka, na fundi redio hana kosa. Katibu muhtasi akaigonga bahasha muhuri mapokezini, akatoa barua, akaileta. Waziri akaona ni karatasi mpya. Akasema ilale.

Fundi redio akanyongwa tarehe kumi na moja, alfajiri. Tarehe kumi na mbili Waziri akaifungua barua.

Hakulia. Alikaa mpaka jua likahama dirisha. Kisha akamwambia katibu muhtasi azungushe namba, aigonge barua ile tarehe ya siku hiyo, ya kumi na mbili, ionekane imechelewa njiani. Yule mama akaigonga. Mwenye kosa la kweli alishafariki, daktari akahamishwa, na mambo yakaisha.

Yakaisha kwa watu wengine. Breki tangu siku hiyo hakuruhusu redio iwashwe nyumbani kwake, na zile hotuba kali za kupinga redio za watu binafsi, ambazo magazeti yalizisifu kwamba zina msimamo, zilitoka huko. Alikuwa akisikia redio inakoroma kabla ya kushika mawimbi, anaona mikono ya fundi. Mtu aliogopa, sisi tukasema ana falsafa.

Basi akalivuta faili la dereva. Miaka thelathini hajawahi kufungua karatasi siku iliyoingia, na kufungua jalada lile kulimwia vigumu kama kuvunja mlango wa jirani. Binti alisimama tu, hakumsaidia.

Ndani mlikuwa na karatasi moja ya maana. Mlinzi wa ghala, shahidi pekee aliyesema alimwona dereva akiua, alikuwa ameapa upya mbele ya hakimu. Hakumwona dereva siku ile. Alimtaja ili kumficha kaka yake, na sasa kaka amekufa na dhamiri inamla.

Breki aliisoma mara mbili. Akachukua kalamu, akaandika amri ya kusitisha, akatia sahihi. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Akavuta pumzi, akamwambia Binti amwite Mwanasheria Mkuu aipeleke gerezani sasa hivi, kwa mkono wake.

Ungesema hadithi imeisha hapo, tukanywe maji. Hata mimi nilitamani.

Mwanasheria Mkuu ni mtu mwembamba, wenzake wanamwita Kifungu, kwa sababu hata ukimsalimu anakujibu kwa kifungu cha sheria. Alikuja haraka, akaisoma amri akiwa amesimama, na uso ukamshuka. Akauliza kwa adabu kama Mheshimiwa ameisahau Sheria ya Utulivu.

Breki hakuisahau. Aliitunga yeye. Baada ya mkasa wa reli aliipeleka bungeni, na ndiyo sheria anayojivunia kuliko zote. Inasema amri yoyote ya kiongozi, ya aina yoyote, haitakuwa na nguvu mpaka ipite siku tatu tangu kusainiwa.

"Ukiisaini leo Jumanne, inaanza kazi Ijumaa," Kifungu akasema. "Na mtu ananyongwa Alhamisi."

Breki akashika simu, akampigia Kamishna wa Magereza, akamwomba asogeze siku. Kamishna alikuwa mpole kupita kiasi. Akasema yeye ananyonga kwa hati ya mahakama, na hati husimamishwa na amri yenye nguvu, si kwa simu. Akaongeza kwamba utaratibu huu yeye na wenzake wamejifunza kwa Mheshimiwa mwenyewe, na wanamshukuru.

Simu ikarudi mahali pake.

Kisha Kifungu akakohoa, akasema ipo njia moja. Kifungu cha saba. Bunge linaweza kuondoa zile siku tatu leo hii, kwa kura theluthi mbili. Ila mwombaji lazima kwanza athibitishe, kwa ushahidi wa maandishi, kwamba kusubiri kumewahi kumuua mtu.

Breki akafumba macho. Kifungu cha saba alikiweka yeye pia. Wapinzani walidai pawe na mlango wa dharura, akawapa mlango wenye kufuli ambalo aliamini halifunguki. Alisimama bungeni akawaambia wamletee maiti mmoja tu aliyeuawa na subira. Ukumbi ukacheka, na yeye akacheka nao, huku fundi redio akiwa na miaka kumi kaburini.

"Barua ina tarehe ya kumi na mbili," akasema kwa sauti ya chini. "Barua haithibitishi kitu."

Kifungu hakuelewa ni barua gani inayozungumzwa. Binti alielewa.

"Bahasha ipo," akasema. "Ina muhuri wa tarehe tisa. Mama hakuichoma."

Breki akamuuliza iko wapi.

"Iko kwa mke wake."

"Mke wa nani?"

"Mke wa fundi redio, Mheshimiwa. Atakuja sasa hivi. Saa nne inakaribia."

Breki alitazama saa ya ukutani, akamtazama Binti, hakuunganisha mambo. Mtu mzima, Waziri Mkuu, na hakuunganisha. Mlango ukagongwa mara moja, kama unavyogongwa kila siku ya kazi kwa miaka kumi na mitano, na sinia ikatangulia kuingia.

Alikuwa Mama Chai.

Mwanamke wa makamo, kanga begani, viatu visivyotoa sauti. Chai ya rangi, bila sukari, kikombe cheupe. Breki hakuwahi kumuuliza anakaa wapi. Aliwahi kumuuliza mara moja kuhusu watoto, akaambiwa hawapo, akasema pole.

Mama Chai aliweka sinia mezani. Akauona muhuri, akaiona leso yenye wino, akawatazama wote watatu mmoja mmoja.

"Umeshamwambia," akamwambia Binti.

Binti akainamisha kichwa. Kifungu, ambaye alikuwa hajui kinachoendelea, alirudi nyuma mpaka akagusa kabati.

Breki alisimama. Alitaka kusema jambo la maana na kilichomtoka kilikuwa swali la kijinga.

"Tangu lini unajua?"

Mama Chai akasema mwaka jana, marehemu alipomwita hospitali. Kabla ya hapo alidhani yule mama alimtafutia kazi kwa huruma tu, kwa kuwa alimkuta mjane hana mbele wala nyuma. Hospitalini ndipo alipoambiwa yote na kupewa bahasha. Alikwenda nayo nyumbani, akaiweka ndani ya redio ya mwisho aliyoitengeneza mumewe, ile ambayo mteja hakuja kuichukua. Na Ijumaa, Binti alipomwachia muhuri, akazigonga karatasi zote moja baada ya nyingine mpaka mkono ukamuuma.

"Na umeendelea kuniletea chai," Breki akasema.

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Si wewe uliyeifundisha nchi hii kungoja?"

Breki alijaribu kupiga magoti. Ni mtu wa miaka sitini na sita, magoti mabovu, na alishika ukingo wa meza. Mama Chai akamzuia kwa kiganja, bila kumgusa.

"Mama, nisamehe."

"Hilo liweke pembeni. Leo kuna mwanamke mwingine mume wake yuko hai."

Akaombwa bahasha. Akakataa kuitoa pale. Akasema ataileta bungeni, atakaa juu kwenye viti vya wageni. Miaka yote hiyo amemsikia Breki akikitetea kitanzi mbele ya wabunge, na mumewe hajawahi kutajwa na mtu yeyote mle ndani. Kwa hiyo atajwe kwanza. Breki akimtaja kwa mdomo wake mwenyewe, mbele yao wote, bahasha itashuka. Asipomtaja, itabaki ilipo.

Kisha akachukua kikombe kilichojaa, akakirudisha kwenye sinia, akatoka nacho.

Saa tisa ukumbi ulikuwa umefurika. Wabunge wa chama chake walivaa suti za sikukuu. Juu, mstari wa mbele, alikaa Mama Chai na mkoba mapajani, na Binti ubavuni kwake.

Aliyeongoza kikao ni Spika, na huyu umfahamu vizuri. Ni swahiba wa Breki wa siku nyingi, bwana mnene mwenye kicheko cha kuambukiza. Walipanda ngazi pamoja. Breki alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, huyu ndiye aliyekuwa Naibu wake. Watoto wao wameoana.

Pongezi zilichukua nusu saa. Mmoja alisema taifa lina bahati. Mwingine alisoma orodha ya mambo yote ambayo Breki aliyazuia, na kila alipotaja moja, meza ziligongwa. Meza zinapogongwa na watu mia mbili kwa pamoja, sauti yake ni kop, kop, kop. Breki alikaa ameshika magoti yake, kijasho chembamba kikimtoka, na katikati ya vishindo vile alikisikia kikohozi kikavu, mara mbili, karibu kabisa na sikio. Akageuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta.

Na Binti, ambaye alikuwa mbali huko juu, alikuwa amefunga mdomo wake vizuri.

Akaitwa kuzungumza. Akaenda na kurasa zake sita, akazitazama, akazigeuza zikalala kifudifudi. Akasema anaomba kutumia kifungu cha saba cha Sheria ya Utulivu, leo hii, ili amri ya kusitisha kunyongwa kwa dereva wa lori ianze kazi kabla ya jua kuzama.

Wenzake wakacheka. Walidhani ni utani wa siku ya sherehe. Kiongozi wa upinzani, mwanamke mwenye ulimi mkali ambaye ameshindwa na Breki mara kumi na moja, ndiye peke yake aliyeweka kalamu chini.

"Kuna mtu niliyemuua kwa kusubiri," Breki akasema. "Alikuwa fundi redio. Alikuwa na mke. Barua ya kumwokoa ilinifikia siku mbili kabla, nikasema ilale. Aliponyongwa nikaamuru tarehe ibadilishwe. Siyo katibu wangu, ni mimi. Tangu siku ile nimesimama hapa kila mwaka nikawaambia kitanzi hakikosei, na ninyi mkaniamini."

Kicheko kilikatika. Kwenye viti vya chama chake watu walianza kumtazama kama mgonjwa. Mmoja alinyoosha mkono kumvuta koti akae. Akautoa ule mkono taratibu, akaendelea kusimama.

Spika akauliza, sauti imekauka, kama Waziri Mkuu ana ushahidi wa maandishi.

Breki akainua macho juu. Mama Chai alikuwa analia bila sauti, machozi yanashuka mpaka kwenye kanga. Akafungua mkoba. Askari wa Bunge akapanda ngazi, akaipokea bahasha kwa mikono miwili, akaiteremsha katikati ya ukumbi mpaka kwenye kiti kirefu cha Spika.

Sasa tulia hapa, maana kuna jambo Breki halijui. Bahasha ile hajawahi kuiona. Siku ile yeye aliletewa barua tu, bahasha ikabaki mapokezini. Wala Mama Chai hakujua alichokuwa amekibeba, kwa sababu muhuri wa tarehe tisa uko mbele, na yeye alikuwa akiutazama huo tu kila alipoitoa.

Spika akavaa miwani. Akautazama muhuri, akatikisa kichwa kwa huzuni, uso wa rafiki anayemwonea rafiki yake uchungu. Akaigeuza nyuma.

Nyuma, chini ya ulimi wa bahasha, palikuwa na maandishi ya kalamu ya wino wa buluu. Imefunguliwa na kusomwa. Imeletwa kwa mkono. Na chini yake sahihi ya Naibu Waziri, kama utaratibu wa wizara ulivyotaka.

Daktari wa gereza hakuituma barua kwa posta. Alimpa Naibu, uso kwa uso, akamweleza kwamba maisha ya mtu yamo humo. Naibu akaifungua, akaisoma yote, akaelewa, akaiacha mapokezini akaenda chakula cha mchana. Hakutaka kuwa yeye wa kumharakisha Breki. Alikuwa anautaka uwaziri.

Spika alibaki ameishika bahasha ile kwa muda ambao ulimfanya karani wake ageuke kumtazama. Kisha akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa joho lake.

Akasema kwa upole kwamba jambo hili ni zito na limemgusa kila mmoja. Akasema Bunge hili lina utaratibu wake, na utaratibu huo tulifundishwa na mheshimiwa aliyesimama mbele yetu. Ushahidi unahitaji kuchunguzwa kwa utulivu.

"Naahirisha kikao," akasema, "mpaka Ijumaa."

Kwenye viti vya chama tawala mtu mmoja akagonga meza. Akafuata wa pili. Kisha wakagonga wote, kwa nguvu, kwa faraja, kama watu waliookolewa kwenye aibu. Kiongozi wa upinzani alikuwa amesimama anapiga kelele ambazo hazikusikika. Juu, Mama Chai alikuwa ameshika chuma cha ukingo, akiuliza waliokaa naye bahasha yake imekwenda wapi.

Spika akateremka kwenye kiti, joho likimfuata, akaelekea mlango wake wa nyuma kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.

Breki aliona mkono wa Spika ukiwa bado umekandamiza mfuko. Akauona uso wake kwa upande. Wamefahamiana miaka thelathini, na mtu unayemfahamu hivyo hawezi kukuficha hofu. Ndipo akaelewa kwamba kosa lile hakuwa nalo peke yake, na kwamba mwenzake anatoka nalo mlangoni.

Breki akaruka benchi la mbele kwa magoti yake mabovu, akaanza kukimbia.

Alipoufikia mlango, ulikuwa umeshafungwa kwa ndani. Na kutoka upande wa pili alisikia kiberiti kikiwashwa.